Saa ya Maji ya Maziwa

Kazi yangu ni kutia dawa kwenye maji. Nimeifanya hapa Kitshanga miaka mingi, hata vidole vyangu vimepauka, na nikipika sombe, majani ya muhogo, mikono hunuka klorini kwanza, sombe baadaye. Watu hawanipendi kwa kazi hii na sijawahi kuwalaumu. Maji ya dawa yanaharibu chai. Yanachelewesha maharagwe, eti. Mwanamke mmoja alinisimamisha sokoni akaniambia usoni kwamba nawafunga wanawake kizazi, huku mtoto mmoja akimnyonya na mwingine, wa mwaka uliotangulia, amemshika kitenge. Nilimwonyesha watoto wake kwa kidole, mmoja baada ya mwingine, nikaenda zangu.

Lazima nieleze kazi yenyewe, la sivyo hutaelewa nilichofanya. Maji yetu yanatoka kwenye chemchemi iliyo mlimani, juu ya mji. Chemchemi imezungushiwa saruji, maji yanashuka kwa bomba hadi kwenye tangi kubwa la mawe, na kutoka pale yanakwenda kwenye mabomba ya watu wote, yale tunayoyaita bonfonteni. Jioni nafunga valvu ili tangi lijae. Alfajiri napanda, nakoroga unga wa klorini kwenye ndoo, namimina ndani ya tangi, nangoja nusu saa dawa ifanye kazi yake, ndipo nafungua. Saa tatu nashuka kwenye bonfonteni ya sokoni na kichupa changu, nachota maji kidogo, natia kidonge. Maji yakigeuka rangi ya waridi, dawa imo. Naandika kwenye daftari. Basi. Hata mbuzi angeweza kuifanya kazi hiyo kama angefundishwa, ila mbuzi asingekubali kuamka saa ile.

Zamani maji yalikuwa ya komite. Walikuwamo mwalimu, katekista, na akina mama wawili ambao ndio pekee waliofanya kazi. Bomba likipasuka, komite ilikaa kikao, na maji yakamwagika barabarani mpaka kikao kiishe, jambo lililochukua wiki. Kisha kampuni ikaja. Kampuni ilikuwa bwana mmoja wa Goma mwenye gari la pikapu, kofia ngumu nyeupe, na mkataba wenye mihuri. Sitasema alikuwa mtu mbaya, ingawa ningependa. Mabomba yaliyovuja yaliacha kuvuja. Alinibakiza kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kupima dawa, na aliniletea unga mpya, wenye nguvu kuliko ule wa zamani. Tulimwita Patroni, yaani bosi, na yeye alilipenda jina hilo kupita kiasi.

Sasa nije kwa wifi yangu.

Mimi ni mtu wa Bihambwe. Nilipokimbia kutoka kule, mume nimeshamzika na shamba nimeliacha na maharagwe yake hayajavunwa, nilifika kwa yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa, hapa Kitshanga. Mwenye kunifungulia mlango alikuwa mke wake. Hakuniuliza nitakaa siku ngapi. Yaya anatengeneza fromaji, jibini zile za duara ambazo Masisi inajulikana kwazo, na chumba pekee kilichokuwa na nafasi kilikuwa chumba cha fromaji. Nililala katikati ya mbao zake mwaka mzima. Wifi alinitania kwamba nikikaa zaidi ya hapo atanipaka chumvi na kunigeuza kila asubuhi kama zile nyingine. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa, wa kucheka hadi kanisani, na nilimpenda kuliko nilivyowapenda wengi wa damu yangu. Hata nilipopata nyumba yangu mwenyewe, haikupita siku mbili bila kwenda kwake.

Yaya alikuwa akitumia maji ya kijito karibu na malisho. Kisha wenye bunduki wakaweka kituo pale kijitoni, na toka siku hiyo fromaji yake ikategemea bonfonteni. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Fromaji inaanzishwa kwa maji ya maziwa ya jana, yaliyochachuka, ambayo wifi aliyatunza kwenye chungu kama mtu anavyotunza moto. Vyombo vikioshwa kwa maji yenye dawa kali, ile chachu inakufa. Maziwa yakawa yanagoma kushika. Fromaji zikatoka chungu, zenye matundu, na mteja mmoja alirudisha yake akisema inanuka opitali.

Wifi alinijia akiwa na kipande mkononi.

“Wifi, ile dawa yako iko naua fromaji yetu.”

“Dawa inauaka mikrobe,” nikamwambia. “Haiue fromaji.”

“Na fromaji si iko na mikrobe yake? Bila ile, iko maziwa ya kulala tu. Onja.”

Nikaonja, nikatema. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

“Utuachie mayi ya asubui tu. Ya kusafisha bidoni na ya kuosha fromaji. Kisha utie dawa yako, utie hata mufuko muzima.”

Nilikataa. Akarudi, nikakataa tena. Mara ya tatu alikuja mikono mitupu. Aliketi tu kwenye kibaraza changu akimenya mbaazi zangu, nami nikakubali. Sikuona hatari. Chemchemi ile ilikuwa safi. Watu wa vipimo walishakuja na mashine zao kabla ya kampuni, wakasema ni safi, na mimi mwenyewe nimeinywa toka nifike. Kwa hiyo nikageuza utaratibu. Alfajiri nilifungua valvu kwanza, maji yasiyo na dawa yakashuka kwa saa moja, watu wa maziwa wakajaza bidoni zao, yaani madumu, kisha nikafunga, nikatia dawa, nikangoja, nikafungua tena. Saa tatu nilipima pale sokoni. Rangi ya waridi. Nikaandika kwenye daftari, na nilichoandika kilikuwa kweli.

Watu waliipa ile saa jina: saa ya maji ya maziwa. Mwanzoni walikuja watengeneza fromaji na wauza maziwa. Kisha wakaja wenye mikahawa, kwa ajili ya chai. Kisha akina mama wa kambi ya wakimbizi wanaofulia watu nguo, kwa kuwa wao huamka kabla ya kila mtu. Ikafika mahali foleni ya alfajiri ikawa ndefu kuliko ya mchana. Niliiona nikiwa kule juu kwenye tangi, bidoni za njano zimepangana hadi barabara ya pikipiki za moto-teksi, na ningepaswa kushtuka. Sikushtuka. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza tangu nishike kazi ile, nilipopita sokoni watu waliniita Mama kwa sauti nzuri, wakanisogezea kiti. Nilipenda kusalimiwa. Nalisema wazi kwa sababu nimechoka kujidanganya kwamba nilifanya yote kwa ajili ya wifi.

Kisha Patroni akapata mkataba wa pili: kumwaga vyoo vya kambi.

Kambi ilikuwa imejaa tena wakati huo, na vyoo vyake vimejaa mpaka vinafurika. Kampuni ikaajiri wanaume wa kuvichota kwa ndoo, wakajaza mapipa, mapipa yakapakiwa kwenye pikapu. Yalitakiwa kupelekwa bondeni, mbali chini ya mji, mahali palipotengenezwa vitanda vya changarawe na mchanga. Mavi yanamwagwa pale, maji yake yanachujika polepole, jua linakausha yaliyobaki, yanafukiwa. Niliwahi kupaona, ni pazuri, kama mtu anaweza kusema hivyo. Lakini njia ya kwenda bondeni iliwekewa kizuizi, na wale wa kizuizini walikataa kabisa lile gari lisipite. Watu wanaokula vya kila mtu bila kuona haya, siku hiyo wakaziba pua.

Nani aliamua kupanda mlimani badala ya kushuka, sijui. Niliyegundua ni mimi, na nilionyeshwa na ng’ombe. Mchungaji wa yaya alilalamika kwamba ng’ombe wamekataa kona moja ya malisho, wakifika pale wanageuka. Nikaenda kuangalia. Niliisikia harufu kabla sijaona. Shimo lilikuwa refu kama nyumba, limetandikwa plastiki, na plastiki imechanika upande wa chini, ule unaotazama chemchemi yangu. Kutoka pale ungeweza kumwita mtu aliye kwenye chemchemi naye akageuka.

Nilimpigia Patroni simu nikiwa bado nimesimama pale, pua nimeifunika kwa kitambaa cha kichwa.

“Mama, usiogope,” akasema. “Shimo iko na plastiki.”

“Plastiki imepasuka, Papa. Nimeona na macho yangu.”

“Bon. Na wewe tunakulipa juu ya nini? Si iko dawa? Ile dawa njo kazi yake, kuua bile byote.”

Nilifungua mdomo. Jibu lilikuwa fupi: kila siku kwa saa moja hakuna dawa, Papa, na nusu ya mji wanachota saa hiyohiyo. Nikafunga mdomo. Kulisema lilikuwa ni kusema kwamba mimi, niliyelipwa kuyalinda maji, ndiye niliyeyagawa bila dawa. Nikasema, “Sawa, Papa.” Yeye alitegemea dawa yangu, mimi nilikuwa nimetegemea chemchemi yake, na kati yetu maji yakashuka bila mlinzi.

Ilikuwa Jumapili. Kutoka mlimani nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nimeshaamua kwamba saa ile imekwisha. Nilimkuta uani na majirani, wanachambua mchele, kwa sababu Jumamosi iliyofuata binti yake wa kwanza alikuwa anaolewa. Nikamvuta pembeni.

“Wifi, ile mayi ya asubui imekwisha. Kampuni imekataza.”

Hivyo ndivyo nilivyosema. Kampuni imekataza. Shimo sikulitaja. Wifi hakuwa mtu wa kuweka neno. Ningemwambia saa kumi, saa kumi na mbili soko zima lingejua, na kesho yake ningeitwa kueleza. Niliona aibu na niliogopa. Kwa hiyo nilimdanganya mtu aliyenifungulia mlango.

Akanishika mikono yote miwili. Mikono yake ilikuwa na unga wa mchele.

“Siku saba tu. Mupaka ndoa ipite. Unajua namna iko kwetu, wakweze wanakuya na ngombe, na mama ya bibi-arusi anabakatia fromaji ya mikono yake mwenyewe. Nitabakatia ile ya kunuka opitali? Banicheke mupaka Walikale?”

Ningesema basi, ukweli. Ningesema, wifi, kuna mavi juu ya maji. Maneno matano tu. Badala yake nilitazama mbingu, nikaona jua kali na ardhi kavu, nikajiambia mvua bado, shimo haliwezi kufika kwenye maji kwa siku saba.

“Siku saba,” nikasema.

Mvua ilinyesha Jumatano mchana. Haikuwa mvua ya mchezo; ilibomoa kuta na kuleta matope hadi ndani ya kanisa. Alhamisi alfajiri nilipanda kwenye tangi na taa yangu, nikachota kikombe, nikakinyanyua. Maji yalikuwa meupe, hayana hata uzi. Nikayanywa. Nilijiambia kama yana kitu, acha kianze na mimi. Nikafungua valvu. Mimi sikuumwa, wala siku hiyo wala baadaye, na hilo sijalielewa mpaka leo.

Ijumaa mama mmoja wa kambi, mfuaji nguo, alianguka kwenye foleni. Jioni kulikuwa na wagonjwa katika nyumba kadhaa. Pembeni ya kituo cha afya kulikuwa na hema zilizobaki tangu kipindupindu cha mara iliyopita; wakazifungua, wakazifagia, wakazijaza. Na mji ukapata wa kumlaumu kabla ya giza kuingia. Ni hao wa kambi, wakasema, wanakunya ovyo, wameleta ugonjwa wao. Vijana fulani wakazungumzia kwenda kuvunja mabomba ya kambi. Jumamosi asubuhi waganga wa kituo cha afya waliuliza kuhusu maji, na Patroni, aliyekuja mbio kutoka Goma, aliwafungulia daftari langu. Ukurasa baada ya ukurasa: dawa imo, dawa imo, dawa imo. “Muone muandiko,” akawaambia. “Huyu mama hakose hata siku.” Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Nilinyamaza tena. Asubuhi ile angalau nilikuwa nimetia dawa kabla ya kufungua, tena maradufu, na wenye bidoni za maziwa wakanitukana.

Ndoa ilifanyika. Nilimwona wifi amevaa kitenge kipya, anakata fromaji mwenyewe, anapeleka sahani kwa wakwe. Fromaji ilikuwa nzuri sana. Niliona pia kwamba hakai, kila mara anaingia nyuma ya nyumba, na anaporudi amejipaka mafuta usoni upya. Nilipomuuliza alisema ni tumbo la furaha. Alikuwa anaharisha tangu Ijumaa. Aliificha siku mbili, kwa kuwa mama wa bibi-arusi hawezi kwenda kulala kwenye hema za kipindupindu wakati wakwe wako uani, wamekalia viti vya kuazima. Nami nilimwacha. Nilijua ni nini, ila nilitaka sana liwe tumbo la furaha.

Jumapili walimleta kwa kipoyi, machela ya miti, wanaume wanne wamebeba, na yaya anakimbia pembeni akiwa na koti lake la arusi. Wifi alikuwa amekwisha. Macho yameingia ndani, ngozi ya mikono ukiivuta inabaki imesimama. Wakamlaza kwenye kitanda chenye tundu na ndoo chini yake, wakamtia maji ya dripu mkono mmoja, kisha mwingine. Mimi nilisimama upande wa kichwa, yaya upande wa miguu. Muuguzi, kijana mtaratibu mwenye daftari lake, akainama akamuuliza kama alivyowauliza wote.

“Mama, munachota mayi wapi?”

Wifi aligeuza kichwa. Kisha akanitafuta kwa macho, akaniona, na uso ukamlegea kidogo, akataka kucheka.

“Ya wifi yangu, huyu,” akasema. Ile sauti kubwa ilikuwa imebaki uzi. “Iko muzuri. Yeye anatuachiaka yetu bila dawa.”

Alikuwa ananisifu. Alidhani mbele yake kuna mtu mkubwa wa serikali na akataka ajue mimi ni mtu gani.

Muuguzi aligeuka akanitazama. Nikasema yote. Nilisema saa ile, nilisema foleni, nilisema shimo na plastiki na simu, na jinsi nilivyomwambia mgonjwa huyu kwamba ni kampuni iliyokataza. Nilisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha. Mtu wa Patroni alikuwa mlangoni. Akasema mama amechanganyikiwa kwa uchungu. Muuguzi hakumsikiliza. Akatuma watu wawili mlimani na kabla ya jioni walirudi, viatu vyao vikawa ushahidi wa kutosha. Wale vijana wa kuvunja mabomba ya kambi walitawanyika, bila kumwomba msamaha mtu yeyote. Shimo lilifukiwa kwa chokaa. Kampuni bado ipo, Patroni bado anavaa kofia yake, na mimi sikufukuzwa, maana alfajiri lazima mtu apande. Saa ya maji ya maziwa haipo tena.

Lakini siku ile hayo yote yalikuwa mbali. Karibu yangu alikuwa yaya, aliyesikia kila neno kutoka upande wa miguu. Alimwangalia mke wake, akanyoosha kitenge kilichomfunika, akakaa chini juu ya ardhi. Wifi alifariki Jumanne, jua likiwa utosini, dripu bado inadondoka. Muuguzi alisema angeletwa Ijumaa angepona. Alisema kwa kunifariji au kwa kunichoma, sijui, na vyote viwili nilistahili.

Kwetu, mwanamke akifa, wifi yake ndiye anayemwosha. Maji ya uvuguvugu, kitambaa laini, mafuta, na unazungumza naye unapomgeuza. Nilikuwa nimeshaapa kwamba hilo angalau nitalifanya vizuri. Lakini kwenye hema hakuna kuosha. Maiti ya kipindupindu haiguswi na ndugu. Inapuliziwa klorini kali toka kichwani hadi miguuni, inafungwa kwenye mfuko, inazikwa siku hiyohiyo. Na fundi wao wa kuchanganya dawa alikuwa amelala kitanda cha tatu, naye ana dripu mikononi. Muuguzi alinijia na ndoo, kijiko, na mkebe wa unga ule ule wa kampuni.

“Mama, hapa njo wewe tu unajua kupima,” akasema, na hakuweza kunitazama.

Nilipiga magoti nje ya hema. Yaya alitoka, akasimama juu yangu, koti la arusi limejaa matope. Nilifungua mkebe, nikachota kijiko cha kwanza, unga kidogo ukamwagika kwenye majani. Ndipo akasema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu tangu Jumapili, na hajaniambia mengine tena.

“Leo usimunyime dawa.”